Mto uko Kisangani, vipimo vyake viko wapi?

Mwanafunzi wa Kisangani anayeandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya maji anaanzia pale wote wanapoanzia. Ananunua mega, anaandika jina la mto kwenye simu, anangoja. Kati ya vitu vya kwanza vinavyokuja ni nambari moja: mita za ujazo 17,000 kwa sekunde. Ndiyo maji yanayosemekana kupita kwenye maporomoko ya Boyoma, yale saba yanayofuatana kwa karibu kilomita 100 toka Ubundu mpaka kwa Wagenya. Nambari hiyo iko kwenye kurasa za utalii, iko kwenye kamusi za intaneti, iko kwenye orodha za maporomoko makubwa ya dunia. Anainakili. Siku ya kutetea kazi yake, mwalimu anamwuliza: ilipimwa wapi, mwezi gani, mwaka gani, na nani? Hana jibu. Ukurasa alikoitoa haukusema, na ukurasa ule nao uliinakili kwingine.

Swali la mwalimu si la kumwonea mtoto wa watu. Maji yanayofika Kisangani yanatoka mbali na hayatoki kwa wakati mmoja. Sehemu inatoka kusini, kwenye mvua za Katanga zinazonyesha toka mwezi wa kumi na moja hadi wa nne. Sehemu inatoka Ziwa Tanganyika kwa njia ya mto Lukuga, pale Kalemie. Sehemu nyingine inatoka mito ya msituni, Maniema na Tshopo, ambako kiangazi ni kifupi. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unavuka ikweta. Mto wa namna hiyo unapanda na kushuka kwa kalenda yake wenyewe, na nambari isiyo na mwezi wala mwaka haimsaidii mvuvi, haimsaidii nahodha wa balenieri, wala haimsaidii baba wa jamaa anayetaka kusimamisha nyumba Lubunga karibu na ukingo. Inapendeza kwenye ukurasa, basi.

Mwanzoni mwa Januari 2024, wakati mafuriko yalipogusa majimbo mengi ya inchi, Régie des Voies Fluviales ilitangaza kwamba maji ya mto Kinshasa yamefika mita 6.20, karibu kabisa na rekodi ya mita 6.26 iliyoandikwa mwaka 1961. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Ulinganisho ule uliwezekana kwa sababu kulikuwa na ubao wa vipimo uliosimamishwa majini, na kulikuwa na mtu aliyekuja kuusoma kila siku na kuandika alichoona. Kinshasa wanaandika tangu 1902. Mkaaji wa Kisangani aliyesikia tangazo lile redioni alijua mto umefika wapi Kinshasa, kilomita 1,700 hivi chini ya mji wake. Kujua umefika wapi kwenye bandari ya kwao, na kuulinganisha na mwaka jana au na mwaka alipozaliwa, ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Wataalamu wa hidrolojia wamekuwa wakirudia kuandika kwamba kabla ya uhuru bonde la Kongo lilikuwa na vituo vya vipimo zaidi ya 400, na kwamba leo vinavyofanya kazi ni takriban 15. (Hata nambari hii inastahili swali lile lile la mwalimu: nani alihesabu, na «kufanya kazi» maana yake nini?) Lakini hakuna anayebisha juu ya mwelekeo wake. Huu ni mto wa pili duniani kwa wingi wa maji baada ya Amazon, wenye wastani wa mita za ujazo karibu 41,000 kwa sekunde pale Kinshasa, na wanaousoma kila siku wanaweza kuketi wote ndani ya basi moja dogo.

Hata hivyo si kweli kwamba juu ya maji ya Tshopo hakuna kitu. Kiko, tena kingi. Shida ni kwamba kimetawanyika, na anayekihitaji zaidi ndiye aliye mbali nacho zaidi.

Anayeanza afadhali aanzie karibu. Yangambi, karibu kilomita 100 kwa kushuka na mto, ilikuwa makao makuu ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933 na ambayo leo kazi yake inaendeshwa na INERA. Vipimo vya mvua na joto vya Yangambi vina umri wa zaidi ya miaka themanini. Mtu anayetaka kusema kwamba mvua za Tshopo zimebadilika, jambo linalosemwa sokoni kila siku, hana mahali pa kwanza pa kwenda isipokuwa pale. Mwaka 1963 Jean-Pierre Gosse alichapisha Tervuren kitabu chake juu ya mazingira ya maji na maisha ya samaki katika eneo la Yangambi, na mwaka ule ule yeye na Max Poll wakatoa kazi nyingine juu ya samaki wa Kongo ya kati. Mengi ya machapisho hayo ya zamani ya makumbusho ya Tervuren yanaweza kupatikana bure kwa intaneti. Ni Kifaransa cha wazi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anakisoma bila kamusi.

Ila kitabu cha miaka sitini kinahitaji macho mawili. Kwa kusema samaki fulani alipatikana kwenye kijito fulani mwaka fulani, hakuna kinachoweza kukipita. Ndiyo picha ya mto wa wakati ule, na picha haizeeki. Kwa majina, kimezeeka. Samaki wadogo ambao vitabu vile vinawaita Barbus, wengi wao leo wanaitwa Enteromius. Mwanafunzi asiyejua hilo ataandika kwamba Barbus fulani ametoweka na Enteromius fulani amegunduliwa, kumbe ni samaki yule yule kwenye beseni lile lile. Hapo FishBase inasaidia. Ni hazina ya bure ya habari za samaki wa dunia nzima, inaonyesha jina la zamani na la sasa, na jambo lililo muhimu kuliko yote, kila habari ndani yake ina alama ya kazi iliyoitoa. Anayetaka kuhakikisha anaweza kufuata alama hiyo mpaka kwenye ukurasa wenyewe. Kurasa nyingi zinazoonekana za kitaalamu haziruhusu hilo.

Karibu zaidi tena, mjini penyewe, kuna yaliyoachwa na Boyekoli Ebale Congo. Mwaka 2010, inchi ilipotimiza miaka hamsini ya uhuru, wanasayansi 67, Wakongomani na wageni, walisafiri siku 47 mtoni kati ya Kisangani na Bumba, wakiingia pia Lomami, Aruwimi na Itimbiri. Walikusanya samaki, mimea, wadudu, vyura. Baada ya safari ile likazaliwa Centre de Surveillance de la Biodiversité, CSB, kwenye Chuo Kikuu cha Kisangani, ili mikusanyo isiishie yote Ulaya. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2016 Eva Decru na wenzake walitoa utafiti juu ya samaki wa kaskazini-mashariki mwa bonde la Kongo, wakilinganisha utambuzi wa macho na ule wa ADN. Vyote viwili havikupatana kila mara: samaki waliodhaniwa kuwa wa aina moja walionekana kuficha zaidi ya aina moja. Watu walioutumia ujana wao kuhesabu magamba walikuta wamekosea hapa na pale. Lakini waliweza kujua kwamba wamekosea kwa sababu samaki wenyewe walikuwa wamehifadhiwa ndani ya chupa, kila mmoja na karatasi yake: mahali, tarehe, mkusanyaji. Makosa ya mtandaoni hayana chupa ya kurudia.

Juu ya maji yenyewe, yaani hewa na kemikali zilizomo, kundi la Alberto Borges wa Chuo Kikuu cha Liège lilifanya safari kumi kwenye mto na matawi yake kati ya 2010 na 2015, na matokeo yakatoka katika jarida la Biogeosciences ambalo halimtozi msomaji franga hata moja. Kwa mwenye haja ya picha nzima, kuna kitabu kikubwa cha 2022 juu ya hidrolojia, tabianchi na kemia ya bonde la Kongo, kilichosimamiwa na Raphael Tshimanga wa Kinshasa, Guy Moukandi N'kaya wa Brazzaville na Douglas Alsdorf wa Marekani. Waliamua kitoke kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Uamuzi huo haukuwa mapambo. Nusu ya kazi ya kutafuta habari za maji Kisangani ni kuvuka lugha: ya zamani ni ya Kifaransa, mengine ya Kiholanzi, mapya karibu yote ni Kiingereza, na mwenye pirogi anaongea Kiswahili na Lingala.

Kuna pia milango ambayo wengi hawajui kwamba iko wazi. Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na baadaye ukaongeza kilimo na mazingira, unazipa taasisi za inchi kama Kongo majarida ambayo kwingine yanauzwa ghali, bila malipo. Lakini unaipa taasisi, haumpi mtu mmoja mmoja. Chuo kikiwa kimeandikishwa na mkutubi akiwa na neno la siri, mlango unafunguka, na mkutubi akiwa amehamishwa bila kukabidhi, umefungwa. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa mnamo Desemba 2022, inapima kimo cha maji ya mito yenye upana wa mita 100 kwenda juu, na takwimu zake ni za wote. Hydroweb ya Wafaransa inatoa vimo vya mito na maziwa vilivyopimwa toka angani. Kwa msomaji wa Uvira au Kalemie anayefuata kupanda kwa Tanganyika, hizo ni zana za leo, si za kesho. Tena Uvira ina Centre de Recherche en Hydrobiologie, CRH, iliyorithi kazi za enzi za IRSAC. Anayeishi hatua chache kutoka hapo hana sababu ya kuanzia kwa Google.

Setilaiti nayo ina mpaka wake. Inaona kimo cha maji, haioni kilichomo ndani ya bido. Na kilichomo ndani ya bido ndicho kinachoua.

Mapema mwaka 2011 kipindupindu kilizuka Kisangani. Kilishuka na mto, bandari kwa bandari, kikapita Mbandaka, na kufikia mwezi wa sita kilikuwa Kinshasa, mji uliokuwa umekaa karibu miaka kumi bila mlipuko wake. Didier Bompangue na wenzake waliandika habari hiyo mwaka 2012 katika jarida la bure, tarehe kwa tarehe. Anayesoma kazi ile anaona jambo ambalo tetesi za wakati ule zilikosa: ugonjwa ulifuata njia ya watu na vyombo vyao, na kila siku ya kuchelewa kujua juu ilikuwa siku ya kuchelewa kujitayarisha chini. Mwaka 2025 Tshopo iliguswa tena. Na tena, kwenye simu za watu, zilienea shauri za kila namna: maji ya kisima hayana neno kwa kuwa yanatoka ardhini, maji ya mto yakionekana meupe ni salama, limau inatosha.

Hapa ndipo suala la chanzo linapoacha kuwa jambo la wanafunzi. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa maji ya kunywa, uko pia kwa Kifaransa, unapakuliwa bure, na juu ya hilo unasema kitu kimoja kisichozunguka: katika mililita 100 za maji ya kunywa haitakiwi kupatikana bakteria ya E. coli hata moja. Weupe wa maji hausemi lolote juu ya hilo. Kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka choo cha jirani, kwenye udongo wa mchanga, kinaweza kutoa maji maangavu kama kioo na yaliyojaa ugonjwa. Mama wa Mangobo anayeambiwa «yalipimwa» ana haki ya kuuliza yalipimwa nini, lini, na kwenye maabara gani. Akijibiwa «yalipimwa tu», ajue hayakupimwa.

Hatari mpya ni ile inayokuja imevaa suti. Kuna majarida ambayo yanachapisha chochote mradi mwandishi amelipa. Yana majina marefu yenye maneno «kimataifa» na «utafiti wa juu», na makala yanakubaliwa kwa siku tatu. Vijana wa vyuo vya mashariki wamelipa dola zao huko wakidhani wamechapisha. Kuna pia programu za akili bandia zinazojibu kwa Kifaransa safi na kutoa orodha ya makala yenye waandishi, mwaka na kurasa, na makala hayo hayapo popote duniani. Dawa ni ya kizamani: kabla ya kuandika jina la makala, yafungue. Kama hayafunguki, kama jarida halina anwani, kama nambari haina mahali na tarehe, iachwe, hata kama ndiyo iliyokuwa inatafutwa. Kazi yenye nambari tatu zinazojulikana zilikotoka ni bora kuliko yenye thelathini za kuokota, na walimu wanaosimamia wangefaa kuipa alama kwa kipimo hicho, badala ya kuhesabu unene wa orodha ya vitabu mwishoni.

Lakini lawama haiwezi kuishia kwa mwanafunzi mwenye mega mia tano. Anayetumwa kutafuta vipimo ofisini anajua njia ilivyo: barua ya chuo, muhuri, kurudi Jumatatu, mkuu hayupo, kisha kwa sauti ya chini, «kitu kidogo cha kutafutia kwenye kabati». Vipimo vilivyochukuliwa kwa mshahara wa serkali vinauzwa kwa mtoto wa mlipa kodi. Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari, na katika kifungu cha 48 inadhamini haki ya maji ya kunywa. Sheria ya maji, namba 15/026 ya 31 Desemba 2015, inasomeka bure kwenye ukurasa wa Leganet. Hakuna kati ya hizo inayosema kimo cha mto ni siri ya ofisi. Madaftari ya zamani yanaliwa na mchwa yakiwa yamefungiwa; yangepigwa picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, na kuwekwa kwenye maktaba ya UNIKIS, kazi hiyo ingemalizwa na wanafunzi kumi wakati wa likizo.

Na mji una vipimo vingine ambavyo havijawahi kuingia daftarini. Wagenya hushusha vikapu vyao vikubwa kutoka kwenye miti iliyosimamishwa juu ya miamba, na wanavipanga kwa kufuata mwendo wa maji. Mzee wa pale anajua jiwe gani linafunikwa mwezi gani, na mwaka gani lilikataa kufunikwa. Anajua mbenga na mboto wanapanda lini na wakati gani hawakupanda. Huo si ushahidi wa kisayansi peke yake, kwa sababu kumbukumbu ya mtu inapinda, lakini ni mahali pazuri mno pa kuanzia kuuliza. Rangi ya mafuta kwenye mwamba mmoja, alama kila sentimita kumi, simu inayopiga picha yenye tarehe kila asubuhi: baada ya miaka mitano Kisangani ingekuwa na kitu ambacho Koblenz, ambako Wajerumani wanakusanya vipimo vya mito ya dunia, wangekiomba kwa barua ya heshima.

Wakuu wa jimbo wanapotafuta la kufanya juu ya maji huwa wanafikiria kwanza pampu na mabomba, na hawakosei, kwa sababu watu wana kiu. Lakini kuna jambo moja la bei ndogo ambalo lingeweza kuanza wiki ijayo. Pale bandarini, kwenye ubao unaoandikwa kwa chaki nauli ya kwenda Isangi na Bumba, bado kuna nafasi ya mstari mmoja: tarehe ya leo, kimo cha mto asubuhi hii kwa sentimita, kimo cha siku kama hii mwaka jana, na jina la mtu aliyekisoma.